Vibua wa mbalamwezi: shilingi 7,000 zangu kwenye chakula cha samaki cha mtaa, Tanga

Nianze na kuwashwa mdomo, maana ndiko kulikoniinua mezani. Sahani ilikuwa na kibua mzima wa kukaanga, wali wa nazi, kachumbari ya embe mbichi na vipande vya pweza. Pilipili niliisogeza pembeni, sikuigusa. Tonge la pili la samaki tu, ulimi ukaanza kuchonyota na midomo kuwasha. Anayemjua kibua anajua maana yake: huyo alikaa kwenye joto kabla hajaonja barafu. Kibua na jodari wakicheleweshwa juani hufanya histamini, sumu ya kuwasha, ndani ya nyama, na ikishaingia haitolewi na karai wala ndimu. Mkaange mpaka awe mkaa, atakuwasha vilevile. Wengine huvimba uso, wakaumwa kichwa na kuharisha.

Ilikuwa shughuli ya mtaa, juzijuzi hapa. Akina mama wanakaanga, watu wananunua kadi, fedha zinakwenda kuezeka madrasa. Mtaa siutaji, kwa sababu nia yao ni njema na watu wengi pale walijitolea tangu asubuhi.

Lakini yule dada aliyekuwa anapakua! Nilimsogelea taratibu nikamuuliza, "Samahani dada, vibua hawa wamekaangwa saa ngapi?" Hakuinua hata macho. "Kaka, hapa tunachangia madrasa, hotelini kule." Nikamwambia samaki anawasha. Akajibu kwa sauti ya kusikika meza tatu: "Basi mwachie mwenzio ale."

Mwachie mwenzio ale. Samaki anayewasha! Mezani kuna wazee, kuna watoto wa madrasa waliokaa mkekani wanangoja zamu yao. Fedha sikudai. Nilitaka sinia lile litolewe, basi.

Na aliyekuwa analiangalia sinia kwa makini asingehitaji kuuliza saa. Vibua wale walikaangwa mara mbili, wakarudishwa kwenye mafuta jioni ili wapate moto. Samaki wa mara moja ukimbonyeza mgongoni ngozi inavunjika, nyama inaachia mwiba kwa mapande meupe yenye unyevu. Wa mara mbili ngozi ni ngumu kama kiatu, kingo za mikato zimekuwa nyeusi, mkia unakatika ukiushika, na nyama imeng'ang'ania mwiba. Alipokuwa akipoa mchana alinywa mafuta. Aliporudishwa karaini maji yaliyobaki ndani yakatoka. Ndiyo maana unatafuna ukavu huku vidole vinachuruzika mafuta.

Mafuta yenyewe yalikuwa yamechoka. Yalitoa povu dogodogo lisilotulia na yalifuka moshi hata kabla samaki hajaingia. Hiyo inaletwa na makombo ya viungo yanayoungua chini ya karai bila kuchujwa. Ukikaangia watu mia, kila baada ya mikaango mitatu au minne opoa makombo kwa chujio la waya, na yakishakuwa meusi yamwage. Kuongeza mapya juu ya yaliyooza ni kuharibu yote mawili.

Kibua hana makuu. Anapaswa kutolewa matumbo na matamvua yote, kuoshwa mpaka damu iliyolala kwenye uti wa mgongo iishe, kisha mikato mitatu kila upande. Kwa kilo moja, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, ndimu mbili, saumu na tangawizi za kutwanga, manjano kidogo. Dakika 20 zinatosha. Ukimlaza saa nzima kwenye ndimu nyama inageuka nyeupe mbichi-mbichi na inamomonyoka karaini. Kisha afutwe maji, na hapa ndipo wengi wanapokosea: samaki mwenye maji hupoza mafuta na kugandia chini. Chomeka ncha ya mwiko wa mti kwenye mafuta. Ukitoa mapovu ya haraka, tia samaki. Karai la lita tano lisizidi vibua kumi kwa mkupuo. Usimguse mpaka kingo zijiachie zenyewe, ndipo umgeuze. Pale niliona karai limejazwa mpaka samaki wamepandana, yaani wanachemka kwenye mafuta, hawakaangwi.

Hata hivyo, nikiwa mkweli, kosa la kwanza halikuwa la karai. Lilikuwa la kalenda. Siku ile mwezi ulikuwa umejaa, unaweza kusoma gazeti uwanjani. Kila mtu wa pwani anajua vibua na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Taa ndiyo inayowakusanya. Ikifika mbalamwezi taa haina nguvu, boti nyingi zinapumzika, nyavu zinashonwa. Ukienda Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga, siku hizo, kibua unayemkuta ni mchache, ghali, au ni wa siku nyingi. Wao waliwataka vibua mamia kwa bei nafuu, kwa hiyo walipata waliopatikana. Na barafu waliweka kiduchu. Kwa joto letu kilo ya samaki inataka kilo ya barafu, tena tangu chomboni.

Wangeweza kununua tasi na changu. Hao ni wa madema na mshipi, mbalamwezi haiwazuii, na tasi akikaangwa mkavu hata kichwa kinatafunika. Ni wadogo na bei inapanda, hilo nakubali. Afadhali nusu ya samaki wa afya kuliko kibua mkubwa wa kuwasha. Kwa upande mmoja nawapongeza: nilimpasua kibua wangu mpaka kwenye uti na haukuwa umevunjika, wala damu haikuwa imevilia nyamani. Hakuwa samaki wa baruti, yaani wa kulipuliwa baharini, na kwa mwambao wa Tanga ulivyoumizwa na baruti hilo si dogo.

Halafu pweza. Hapa hasira yangu inayumba. Mwezi uleule uliowanyima vibua wazuri uliwaletea bamvua, maji yakakupwa mbali, miamba ikabaki wazi, watu wakatembea kwa miguu kuchokoa pweza mashimoni. Pweza wa siku ileile! Alikuwa amepigwa vizuri mpaka nyuzi zimelegea, akachemshwa kwa maji yake mwenyewe, hakuongezwa tone, chumvi ikaja mwishoni, kisha minyiri ikakatwa na kupitishwa kwenye tui zito. Laini bila kuwa utelezi. Mama mtu mzima aliyempika alikuwa amekaa nyuma ya uwanja na sufuria yake, nilimpa shikamoo akaniongeza vipande vitatu bila mimi kuomba. Wali nao ulikuwa umeiva punje kwa punje, na juisi ya machungwa ya Muheza haikutiwa maji. Kwa sufuria ile peke yake, 7,000 ni bei ya bure.

Nilipofika hapa nilitaka kusema nendeni. Nikakumbuka wale watoto mkekani, na sinia la vibua ambalo halikuondolewa, nikaona siwezi kusema hivyo. Chakula cha kheri kinapaswa kuwa salama kuliko cha kuuza, kwa sababu anayekila anaona haya kulalamika, na ndivyo nilivyonyamazishwa.

Basi nasema hivi. Wasogeze siku mbele wiki mbili tu, mwezi ukiwa haupo: giza linaleta vibua, na bamvua ipo vilevile kwa pweza. Wawe na karai mbili badala ya moja, watu wapakuliwe samaki anapotoka kwenye mafuta, foleni iwe ndefu haidhuru. Hapo kadi nitanunua tano. Wakishikilia mbalamwezi, nitanunua moja, niende moja kwa moja kwenye sufuria ya yule mama nyuma ya uwanja. Na yule dada wampe kazi ya kukata kadi au kupanga viti, sinia la samaki alishike mwingine.