CV ya elfu 40 haikunipa hata simu moja, ya elfu 7 ya steshenari Sinza ndo imenitoa

Naandika hii kwa sababu wiki hii watu wawili wameniuliza CV yangu kanitengenezea nani, na nimechoka kurekodi voisi za dakika tano kila mtu nikimweleza upya. Kwaiyo hapa naongelea huduma mbili nilizolipia kwa hela yangu mwenyewe, moja ya mtandaoni na moja ya steshenari. Ile ya mtandaoni siitaji jina, sitaki kesi.

Mimi mhasibu, wa kawaida tu sio CPA (yule mwenye cheti cha bodi ya wahasibu), nimekaa miaka mitatu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo, matawi matatu, mkataba ukaisha bosi akasema biashara ngumu. Nikaanza kutuma CV ile niliyoitengeneza nikiwa chuo. Unaijua, ile inaanza na hali ya ndoa, inapita shule ya msingi mpaka mwaka uliomaliza la saba, hobi kuangalia mpira na kusafiri (kusafiri wapi sasa, Chalinze?), inamalizia na "nathibitisha kwamba maelezo haya ni ya kweli" na sahihi. Kimya.

Ndo nikaona tangazo la jamaa anaandika CV. Pakeji tatu, fedha, dhahabu na almasi, nikachukua dhahabu elfu 40. Tangazo lake lilikuwa linasema HR (mtu wa rasilimali watu) anaangalia CV yako sekunde 6 tu kwaiyo lazima ing'ae. Sasa hizo sekunde 6 hajazitunga, kuna kampuni ya Marekani inaitwa Ladders iliwahi kupima jinsi macho ya waajiri yanavyotembea kwenye CV, mwaka 2012 wakapata kama sekunde 6, 2018 wakarudia wakapata 7.4. Ila ile ya 2018 ilisema CV zilizofanya vizuri ni zenye mpangilio mwepesi na vichwa vinavyoonekana, na zilizofanya vibaya ndo zile zilizojaa kolamu kolamu. Hiyo sehemu jamaa hakuiweka kwenye tangazo, na mimi nimekuja kuisoma hela ishaenda.

Nikalipa, akanitumia fomu nijaze, baada ya masaa mawili CV hiyo hapo. Aisee kwa macho ilikuwa nzuri sitadanganya. Kushoto kolamu ya bluu iliyokoza, picha yangu kwenye duara kama mgombea udiwani, chini yake vistari vya ujuzi, Excel 85%, Kiswahili 100%, uongozi 90%. Niliipenda mpaka nikaituma kwa mama Morogoro. Nilikaa nayo miezi miwili nikituma kila tangazo la kazi linalopita mbele yangu, hakuna simu hata ya kupotea namba.

Nina binamu yangu yupo ofisi ya rasilimali watu kwenye kampuni moja, nikamuomba aiangalie bila kunionea huruma. Kwanza akaifungulia kwenye simu, maana anasema nusu ya CV anazopokea zinakuja WhatsApp na anazisoma akiwa kwenye daladala. Herufi za ile kolamu ya bluu zilikuwa kama sisimizi, akawa anavuta na vidole kutafuta nimefanya kazi wapi. Alafu akauliza, "Excel 85 asilimia ya nini? Hizo kumi na tano zilizobaki ndo zipi hujui?" Sikuwa na jibu. Akasogea kidogo akasoma kwa sauti, "ameongeza mauzo kwa asilimia 35". Mimi mhasibu jamani, sijawahi kuuza hata msumari mmoja. Jamaa alikuwa na template ya mtu wa masoko akabadilisha jina akasahau mengine, na kwenye hobi aliniwekea kupanda milima, mimi ambaye ngazi za ghorofa ya tatu tu nahema.

Alafu binamu akanionyesha kitu ambacho nadhani kila mtu ajaribu leo leo. Fungua CV yako ya PDF, chagua maandishi yote, kopi, kapesti kwenye Notepad au hata kwenye meseji ya WhatsApp ujitumie mwenyewe. Yangu ilitoka supu: jina la mwajiri limeingiliana na "Kiswahili", mwaka uko mstari wa mbali na kazi yake, namba ya simu haipo kabisa kwa sababu ilikuwa sehemu ya picha. Kampuni kubwa nyingi zinapokea maombi kupitia programu inayosoma maandishi kabla mtu hajaona chochote, na programu haioni bluu wala duara, inaona hiyo supu. Nilimrudia jamaa akasema marekebisho ni elfu 15. Nikamwacha.

Sasa steshenari. Iko Sinza upande wa Mori, kichumba kimoja, printa ya Canon, mashine ya kulamineti, na mama mmoja wa miaka sitini hivi, miwani imefungwa kamba shingoni. Nilienda kuprinti tu barua ya kuomba kazi. Akaiangalia karatasi inatoka akasema, "Mwanangu, unatafuta kazi au unatafuta mchumba?" Nikacheka ila iliniuma. Kumbe huyu mama alisoma uhazili Tabora miaka hiyo, akawa katibu muhtasi kwa miaka mingi, yeye ndo alikuwa anafungua bahasha za maombi na kumpangia bosi. Anasema bosi alikuwa hasomi, anapekua, akikuta kitu anasimama.

Akanikalisha kwenye stuli, akaifungua CV yangu ya zamani, akaweka rula chini ya mstari. Mstari wenyewe ulisema "kuhusika na masuala ya kodi".

"Kuhusika vipi? Mbona hata mimi nahusika, nalipa."

Nikaanza kujieleza kwa lugha ya CV, akanikata. "Hapana. Ukifika kazini asubuhi, umeshaweka begi chini, unaanza na nini?"

Nikamwambia naanza na Z ripoti (jumla ya mauzo ya siku) za mashine za risiti za EFD za matawi yote matatu, nalinganisha na hela iliyoingia benki na kwenye lipa namba.

"Ehee. Ushawahi kukuta hazilingani?"

Nikamwambia mbona mara kibao, kuna kipindi nilikuta milioni tatu na laki mbili zimepotea kidogo kidogo kwa miezi minne kwenye tawi moja, hakuna aliyekuwa ameona, mimi ndo niliyeipeleka kwa bosi.

Mama akavua miwani. "Na hiyo iko wapi humu?"

Haikuwepo. Muda wote huo natuma CV inayosema mimi mchapakazi, ninayejituma, ninayeweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo na presha kubwa, na ile milioni tatu na laki mbili sijaiandika popote, nilikuwa naona ni stori ya kusimulia kijiweni. Tulikaa pale karibia saa moja na nusu, wateja wanakuja anawaprintia anarudi, na kila mstari alikuwa ananiuliza hivo hivo, kila siku ngapi, matawi mangapi, ukikosea inakuwaje. Ule mstari wa kodi ukaja kuwa: niliandaa na kuwasilisha PAYE (kodi ya mishahara) kabla ya tarehe 7 na ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi kwa miaka 3, bila faini hata moja. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na TRA akisoma hapo anajua huyu kazi kaifanya, kwa sababu tarehe hizo ukizipitisha ndo utajua hujui. Kwa Kiingereza tuliiandika tukisaidiana, yeye Kiingereza chake cha ofisi ya zamani kimenyooka kuliko changu.

Kurasa mbili, nyeusi na nyeupe, kazi ya karibuni juu, shule chini. Hobi akafuta. Baruapepe yangu ya zamani yenye neno "mtanashati" nayo akaipiga marufuku, nikafungua nyingine pale pale. Wadhamini watatu akanilazimisha niwapigie kwanza mbele yake kuhakikisha namba zinapatikana, na mmoja kweli alikuwa kashabadilisha laini mwaka jana, yani hapo mtu angempigia akakosa na mimi ningesema nimerogwa.

Elfu 7. Elfu tano ya kuandika, elfu mbili ya kuprinti nakala na kuskani vyeti.

Sio kwamba yuko vizuri kila sehemu. Tulibishana kuhusu hali ya ndoa na tarehe ya kuzaliwa, yeye anasema lazima viwepo, binamu yangu anasema kwa kampuni binafsi havimsaidii mtu, mwisho nikaviondoa nyumbani mwenyewe. Mambo ya programu za kusoma CV hayajui kabisa, ni bahati tu kwamba uandishi wake wa kizamani wa kolamu moja unasomeka na mashine yoyote (niliipesti kwenye Notepad ikatoka safi kama ilivyo). Na tangazo la kazi likitaja Tally au QuickBooks (programu za uhasibu) hatakukumbusha kuiweka, hiyo kagua mwenyewe, kila ombi soma tangazo upya uone wametumia neno gani, na kama kweli unaijua hiyo kitu liandike vile vile walivyoliandika wao. Mimi Tally nimeitumia miaka yote na kwenye CV ya bluu haikuwepo, ila "uongozi 90%" ipo.

Kompyuta yake pia ina virusi, flashi yangu ilirudi na mafaili yote yamegeuka shotikati. Jitumie kwa baruapepe.

Kwa wanaoomba serikalini kupitia Ajira Portal ni habari nyingine kidogo, kule taarifa unajaza mwenyewe sehemu kwa sehemu, kwaiyo urembo ndo hauna kazi kabisa, ila hii mistari yenye kazi halisi unaihamishia kwenye uzoefu na inafaa. Huyu mama huko yuko vizuri sana kwenye kitu kimoja, anakagua jina. Kijana aliyekuwa mbele yangu cheti cha fomu foo kina majina mawili na NIDA ina matatu yenye herufi tofauti, akamwambia asiombe kwanza, aende kwa wakili anyooshe jina.

Matokeo: CV mpya nilituma sehemu tisa ndani ya wiki tano, wakanipigia watatu. Kusema ukweli na mimi nilibadilika, niliacha kutuma kila mahali nikawa natuma kazi zinazofanana na niliyoifanya, kwaiyo sijui kiasi gani ni CV na kiasi gani ni hiyo. Ila kwenye intavyuu ya pili, kampuni ya klirensi na usafirishaji Kurasini, yule mama wa fedha alikuwa ameprinti CV yangu na amezungushia peni ile milioni tatu na laki mbili. Swali la kwanza, kabla hata sijaulizwa jina, "Hii uliikamataje?" Nikaongea dakika kumi bila kumeza mate. Nimeanza kazi mwezi uliopita.

Ukienda usiende Jumatatu asubuhi wala siku nafasi za serikali zimetangazwa, foleni inafika barabarani. Jumapili kafunga yuko kanisani. Nenda na vyeti halisi sio picha za simu, na umeme ukikatika usiondoke, ataendelea kukuhoji kwa karatasi na penseli, alafu umeme ukirudi anachapa.