Uzoefu wangu wa hosteli ya binafsi Changanyikeni: wageni, kelele na pombe

Wanaonipigia simu kuulizia hosteli niliyokaa huuliza mambo yaleyale: maji yanatoka, intaneti ipo, bei gani, chuo ni mbali? Hayo nayajibu haraka. Maji yapo, kuna kisima cha kusaidia DAWASA, mamlaka ya maji, ikikata. Intaneti inasuasua kila jioni. Kitanda kwenye chumba cha watu wanne ni shilingi 350,000 kwa semista, na darasani unafika kwa miguu. Karibu hakuna anayeuliza lile lililoamua nilivyoishi pale mwaka mzima: mgeni wako anaruhusiwa nini, kelele zinazimwa na nani, na ukikutwa na pombe unafanywaje.

Jina la hosteli sitalitaja. Iko Changanyikeni, ni ya wasichana, na mwenye nyumba huyohuyo ana jengo la wavulana upande wa pili wa ukuta. Nilikwenda huko kwa sababu inayojulikana na kila mwanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: vitanda vya chuo ni vichache kuliko wanafunzi. Zile hosteli za Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017 zina majengo 20 na nafasi 3,840, na bado ukifika mwaka wa pili unajikuta unazunguka Msewe, Makongo na Changanyikeni kutafuta chumba, au unabebwa. Kubebwa, kwa wasiosoma huku, ni kulala kitanda kimoja na rafiki mwenye nafasi. Mimi nilikataa kumbana mtu, nikalipa.

Fomu ya masharti ina kurasa mbili na nilipewa niisome kabla ya kulipa. Nawapongeza kwa hilo. Rafiki yangu aliyepanga kwingine aliletewa fomu risiti ikiwa imeshakatwa, akakuta sharti asiloliweza, na pesa haikurudi. Ombeni fomu kwanza. Wakisema ipo kwenye ubao wa matangazo, nendeni mkaipige picha.

Nianze na kelele, maana hapo ndipo hosteli hii inastahili sifa kamili.

Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kimya. Saa hizo hazikutungwa na matroni. Kanuni za serikali za mwaka 2015 kuhusu kelele na mitetemo zinahesabu usiku hivyohivyo, na kwa nyumba za kuishi zinaruhusu desibeli 50 mchana na 35 usiku. Desibeli 35 ni kidogo sana, watu wawili wakiongea kwa sauti ya kawaida wameshapita. Matroni hana kifaa cha kupimia. Kipimo chake ni mlango. Anasimama koridoni, mlango wako umefungwa, na akiweza kusikia maneno ya wimbo, anagonga. Mara ya kwanza anakuomba upunguze. Ukirudia, sabufa inashuka ofisini, inaandikwa kwenye daftari, unapewa karatasi yenye saini yake, na unaichukua siku chuo kinafungwa. Niliona sabufa zikishuka hasa wiki ya bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, wakati kila mtu ana vocha, chipsi na singeli.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba sheria ile haikuchagua mtu. Mwenye nyumba aliwahi kufanya sherehe ya ubatizo wa mjukuu wake palepale uwanjani, na turubai, na MC, na spika kubwa. Wengi wetu tulikuwa na testi asubuhi yake na tulishajiandaa kukesha kwa hasira. Saa nne ilipofika matroni alitoka na tochi yake, akaenda hadi kwa MC, akamnong'oneza, muziki ukazimwa. Wageni waliendelea kula na kuongea, lakini muziki haukurudi. Tangu usiku ule sikumsikia msichana yeyote akibishana naye kuhusu sabufa. Walikuwa wameona.

Nje ya ukuta kulikuwa na baa, nayo haikuwa chini ya matroni. Ijumaa na Jumamosi vitanda vilikuwa vinatetemeka. Tuliandika barua, tukasaini vyumba vyote, tukaipeleka ofisi ya serikali ya mtaa matroni akiwa ametutangulia. Mwenyekiti akamwita mwenye baa. Tulikuwa tayari kwenda hadi NEMC, baraza la taifa la mazingira, lakini hatukufika huko: yule bwana alikubali kugeuza spika zielekee barabarani na kuzima muziki mapema kuliko alivyozoea. Usingizi haukuwa kamili, ila ulipatikana. Nawaambia wanaodhani kelele za baa ni kitu cha kuvumilia tu: nendeni serikali ya mtaa, mwende wengi, mwende na maandishi.

Upungufu upo. Fomu inazungumzia muziki, haizungumzii simu. Koridoni kuna vigae kuanzia sakafuni hadi nusu ya ukuta, na mtu akiongea na mpenzi wake saa saba usiku sauti inagonga milango yote. Matroni akiitwa alikuja, lakini hakuwa na kifungu cha kumshikia mtu. Wakati wa UE, mitihani ya mwisho wa semista, kimya kilikuwa cha mchana na usiku, na diskasheni zote zilihamia ukumbi wa chini. Huo utaratibu ulikuwa mzuri mno, na sioni kwa nini simu zisihamie huko pia mwaka mzima.

Wageni sasa. Hapa nina kinyongo, na nitakieleza.

Sheria inasema hivi: mgeni anaacha kitambulisho getini, anaandikwa kwenye daftari, anakaa sebule ya wageni, na saa mbili usiku anaondoka. Mvulana hapandi ghorofani kwa sababu yoyote. Kulaza mgeni ni marufuku, awe dada, awe shangazi, awe mama mzazi.

Naelewa ilikotoka. Chumba cha tatu kutoka chetu kulikuwa na msichana aliyemleta binamu yake "kwa siku mbili", na zikageuka wiki. Wenzake watatu walikuwa wakipanga foleni ya bafu na mtu asiyelipa, ndoo zao za maji zinaisha, na hawakuweza kusema kwa sababu kwetu kumfukuza ndugu wa mtu ni aibu kubwa. Matroni ndiye aliyewaokoa. Nilimsikia akimwambia yule binti kwa upole kabisa, "Mgeni siku mbili, mwanangu, ya tatu mpe jembe. Mimi hapa jembe sina." Binamu aliondoka jioni ile na hakuna aliyegombana. Chumba cha watu wanne kikiwa cha watu watano kila usiku, anayeumia ni yule aliyelipa na hana mdomo. Sheria inapaswa kumlinda huyo.

Lakini mama mzazi? Msichana wa chumba chetu alipata mgeni kutoka Songea, mama yake, ameletwa Dar kwa rufaa ya Muhimbili. Basi liliingia stendi ya Magufuli pale Mbezi usiku, wakapanda bajaji hadi getini, mama ana begi moja na kikapu cha unga. Mlinzi akakataa. Matroni akaitwa, akashuka, akamwamkia yule mama shikamoo, akamletea kiti na chai, akakaa naye. Kisha akasema hana mamlaka. Alimpigia msimamizi wa hosteli mbele yetu, naye akajibu sheria ni sheria. Sisi watatu tuliokuwa tunaishi na yule binti tulisema waziwazi kwamba tumeridhia, mmoja wetu akajitolea kitanda chake. Haikusaidia. Mama alipelekwa gesti Ubungo na binti yake, wakalipia chumba kwa pesa ya dawa.

Ningeweza kumeza hilo kama sheria ingekuwa inashika wote. Haikushika wote. Mlinzi wa usiku alikuwa anajulikana: hela ya soda ikitoka, daftari halifunguliwi. Wapo waliolaza marafiki na hakuna aliyeulizwa, na wasichana wenyewe wanawajua. Na upande wa pili wa ukuta, kwa wavulana, mwenye nyumba yuleyule, fomu ileile, sikuwahi kuona mgeni akizuiwa getini baada ya saa mbili. Geti letu linafungwa saa nne, lao liko wazi. Nilipouliza niliambiwa wazazi wa wasichana ndio wanaotaka hivyo. Mzazi mmoja wa msichana alikuwa getini usiku ule na alitaka mahali pa kulala.

Sitaki sheria ya wageni ifutwe. Nataka iwe na mlango kwa mzazi au ndugu wa damu wa jinsia moja: usiku mmoja au miwili, kwa ruhusa ya maandishi ya wote wanaoishi chumba kile, kwa malipo kidogo ya maji, jina likiwa kwenye daftari. Matroni mwenyewe aliniambia angeweza kuisimamia. Tena ingemnyima mlinzi soko lake, maana mtu mwenye njia halali hahitaji kununua ya uchochoroni.

Kuhusu pombe, fomu ina mstari mmoja: ukikutwa na kilevi ndani ya hosteli au ukiingia umelewa, unahama siku hiyohiyo na kodi hairudishwi. Mimi sinywi, na pombe vyumbani siitaki. Kaka yangu aliyesoma kabla ya Machi 2017, kabla serikali haijapiga marufuku viroba, vile vifuko vya pombe kali, ananiambia enzi hizo pombe ilikuwa inaingia bwenini mfukoni mwa suruali kama vocha. Siku hizi ni chupa, inaonekana, na ukaguzi wa mlangoni unasaidia. Ghorofa yetu ilikuwa safi muda mwingi.

Tatizo ni adhabu. Usiku mmoja baada ya bumu kutoka, msichana alirudishwa na marafiki zake akiwa hajiwezi. Walimpitisha wakimshika mabega, mlinzi akiwa mbali. Walimlaza chali sakafuni bafuni na kufunga mlango kwa ndani, kwa sababu walichokuwa wanakiogopa ni matroni. Alitapika akiwa amelala vile. Tulisikia, tukagonga hadi wakafungua. Tulimgeuza ubavu ili matapishi yatoke, tukamfunika kwa sababu alikuwa wa baridi, na tukimwita jina haitiki. Mmoja wa marafiki zake alikuwa analia akituomba tusiseme, akirudia kwamba atafukuzwa, atafukuzwa, baba yake atajua.

Tulisema. Matroni alipanda mbio na kanga begani, akatafuta bajaji, akaondoka naye hospitali, akakaa hadi kunakucha. Msichana alipona. Aliporudi alikuta vitu vyake vimetolewa kwa agizo la msimamizi, na marafiki zake wakapewa barua za onyo kwa kumwingiza. Kodi yake ilikuwa ya semista nzima. Kwa mtu anayeishi kwa bumu la shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humohumo, hiyo ndiyo njia ya kuacha chuo.

Kilichonitisha ni mazungumzo ya wiki iliyofuata. Koridoni, jikoni, kwenye kamba za nguo, wasichana walikuwa wanafundishana: ikitokea tena, usimwite mtu. Mlaze, funga mlango, subiri asubuhi. Hivyo ndivyo mtu anavyokufa, anakabwa na matapishi yake mwenyewe akiwa amezungukwa na rafiki zake. Sheria iliyoandikwa ili kutulinda ilikuwa inawafundisha mabinti wa miaka 20 kuficha mgonjwa. Nawasihi wenye hosteli wote wanaosoma hapa waongeze sentensi moja kwenye fomu zao: anayeita msaada haadhibiwi kwa kuita, na anayehitaji hospitali anapelekwa kwanza bila kuhojiwa. Adhabu ijadiliwe baadaye, kwa kikao, mhusika akiwepo. Faini ipo, kumwita mzazi kupo, onyo la maandishi lipo. Kufukuzwa kuwe kwa anayeuza, au anayerudia.

Na ninyi mnaokaa hosteli yoyote: mtu aliyelewa asiyeamka msimwache peke yake, msimlaze chali, msimmwagie maji ya baridi, msimlazimishe kunywa chochote. Mlazeni ubavu na mtafute gari.

Je, ningeipendekeza? Ndiyo, na nimelipia tena. Usiku wake ni wa kusomeka, na matroni yule ni mtu wa haki kuliko fomu aliyopewa kuisimamia. Kama una mzazi anayekuja Dar mara kwa mara kwa matibabu, tafuta kwingine kwa sasa, au panga mapema mahali atakapofikia. Tumeandika barua kwa mwenye nyumba, wapangaji wa ghorofa zote mbili za juu, tukiomba mambo matatu: mlango kwa mzazi, kifungu cha kuita msaada, na simu za usiku zishuke ukumbini. Matroni amesaini kuipokea na tumeahidiwa jibu kabla chuo hakijafunguliwa. Jibu likitoka nitalileta hapa kama lilivyo.

Ukija kuangalia vyumba, chagua vya ghorofa ya pili upande wa mwembe. Vya chini vinavyotazama barabara vina kijiwe cha bodaboda dirishani, na huko matroni hana sauti.