Meno matatu na mfupa mmoja: nimepima visukuku vya "sauropodi" mezani kwangu Kampala

Karibuni tena jamani. Leo hakuna simu wala spika. Mezani nina bakuli la maji, mizani ya jikoni, kikombe chenye alama za mililita, lenzi niliyoazima kwa sonara, na tochi ya zambarau ya wakala wa pesa za simu hapa chini, ile anayokagulia noti. Hiki kichupa ni dawa ya kutolea rangi ya kucha. Mama wa saluni kaniuliza, "Mwanangu, siku hizi unapaka kucha?" Nikamwambia, hapana mama, napima dinosauri. Mpaka sasa hajaniamini.

Bidhaa ni nne: meno matatu na kipande cha mfupa, vinavyodaiwa kuwa visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe. Vyote niliuziwa mtandaoni kama vya sauropodi, wale dinosauri wa shingo ndefu waliokula majani. Wauzaji siwataji. Pamoja na usafirishaji, shilingi laki tatu na nusu zimenitoka.

Tuanze na hili kubwa. Sentimita 9, linang'aa, mzizi kamili, limekaa juu ya kipande cha mwamba kama keki kwenye sahani. Kizuri chajiuza, ndiyo, na hiki kilijiuza kwangu usiku saa sita nikiwa kitandani.

Sasa sikilizeni. Sauropodi walibadilisha meno maisha yao yote. Nigersaurus, aliyefukuliwa Niger, alikuwa na meno zaidi ya 500 mdomoni, na jino moja halikumaliza hata mwezi kabla ya kutolewa. Jino jipya linaposukuma kutoka chini, mzizi wa lile kuukuu unaliwa taratibu, kisha linadondoka. Ndiyo maana meno mengi yanayookotwa hayana mzizi, chini yana kibonde tu. Ukiletewa jino kubwa lenye mzizi mzima, tena kwa bei ya kiatu cha mtumba, anza kushuka kitandani uwashe taa.

Nasogeza lenzi. Mnaona hivi vitundu vya mviringo hapa ubavuni? Ni mapovu ya hewa. Jino halina mapovu. Rezini, ile plastiki ya majimaji inayoganda, ikimiminwa kwenye kalibu ndiyo inayo. Pamba yenye dawa ya kucha, nasugua... rangi ya kahawia hiyo imehamia kwenye pamba. Zima taa. Tochi. Angalieni "mwamba" wote unavyowaka weupe wa samawati: ni mchanga uliokandwa na gundi. Mwisho mizani. Jino lenyewe, nililolibandua jana, lina gramu 84, na maji yamepanda mililita 70. Gramu moja na kidogo kwa kila mililita, uzito wa plastiki. Kisukuku halisi kwa kawaida hupita mbili na nusu. Angalizo lakini: wapo wanaochanganya rezini na unga wa mawe ili iwe nzito, kwa hiyo mizani peke yake isikupe usingizi.

La pili ni hili dogo, sentimita 2, mnaweza kudhani ni kipande cha penseli kilichotafunwa. Halina sura. Nalipenda sana. Enameli, lile ganda gumu la nje la jino, ina mikunjo midogo kama ngozi ya kidole kilichokaa majini, ncha imesagika kwa mshazari kwa kukata majani, na chini kuna kile kibonde nilichowaambia. Pitisha ukucha ukingoni: hakuna meno ya msumeno kama ya dinosauri walao nyama. Dawa ya kucha haijatoa kitu. Hili ni la kweli, la Kem Kem, kusini mashariki mwa Moroko, miaka milioni 95 na zaidi.

Ugomvi wangu ni karatasi yake. Imeandikwa "Rebbachisaurus". Jina hilo lilitolewa mwaka 1954 kwa mifupa ya mwili, pingili za uti wa mgongo na bega vikiwemo, si kwa jino. Meno ya penseli walikuwa nayo sauropodi wa zaidi ya ukoo mmoja. Muuzaji mkweli angeandika "jino la sauropodi, Kem Kem", akanyamaza.

La tatu ndilo lililonichosha. Kwa macho ni safi. Kwa tochi, mstari unawaka katikati kama pete. Ncha ni jino, chini ni kipande cha kitu kingine, kimeungwa na kupakwa rangi. Msije mkatupa kila kinachowaka, maana hata mafundi wa makumbusho hutia gundi kwenye kisukuku chenye nyufa. Tazama inawaka wapi. Ufa mwembamba unaofuata umbo la jino ni matengenezo. Pete iliyozunguka pale ambapo rangi na mikunjo vinabadilika ghafla ni ndoa ya kulazimishwa.

Mfupa. Gramu 640, mililita 250, hesabu imekaa. Pembeni ulipovunjika kuna ganda gumu nje, ndani vyumba vidogo kama sponji, vimejaa fuwele. Wengine watakwambia uulambe, ukinata ulimini ni mfupa. Hata udongo mkavu hunata, na hujui kimepita mikono ya nani. Mimi silambi.

Ni mfupa kweli. Wa sauropodi? Muuzaji kaandika "Brachiosaurus, Tanzania". Kipande cha ukubwa wa ngumi hakitaji jina la mnyama. Angekuwa na pingili ningemsikiliza, kwa sababu pingili za sauropodi zilitobolewa na vyumba vya hewa kupunguza uzito, na nyingine zina umbo lake. Yule aliyeitwa mwaka 2019 Mnyamawamtuka moyowamkia, wa bonde la Rukwa, jina linajieleza: pingili ya mkia ina umbo la moyo. Kiswahili chetu hicho, kama Shingopana wa mwaka 2017. Halafu neno "Tanzania" lenyewe linanitia wasiwasi: mambo ya kale kule yanalindwa na sheria tangu 1964. Yule jitu wa makumbusho ya Berlin, aliyejulikana kama Brachiosaurus, mwenye urefu wa mita 13 kwenda juu, alichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, enzi za Wajerumani. Au karatasi inadanganya, au mfupa umetoroshwa. Vyote viwili sivitaki.

Na nyinyi mnaonitumia picha za "mfupa wa dinosauri wa Karamoja": visukuku vya Napak na Moroto ni vya miaka kama milioni 20. Dinosauri hawa waliisha miaka milioni 66 iliyopita. Ng'ambo ya mpaka, Lapurr huko Turkana, wamepatikana, lakini huo ni mwamba mwingine. Chako huenda ni cha ndugu wa tembo au kiboko, na kinaweza kuwa na thamani kubwa zaidi kwa wataalamu. Usikisugue, usikiuze. Piga picha kikiwa palepale, andika mahali, upeleke taarifa Makumbusho ya Uganda, Barabara ya Kira.

Alama: kubwa sifuri, dogo tisa, la kuungwa mbili kwa ajili ya ncha yake, mfupa sita na karatasi yake naichana. Ngoja, wakala anaita kutoka chini, kuna foleni na anataka tochi yake.