Studio ya picha Barabara ya 8, Ngamiani, Tanga: wamemsafisha mwenzetu bila kumbadilisha

Kama una picha ya marehemu iliyoharibika, na unatafuta fundi wa kuisafisha bila kumfanya marehemu awe mtu mwingine, nenda Tanga. Studio ni ndogo, haina bango, iko Ngamiani kwenye barabara za namba. Ukifika Barabara ya 8 ulizia mzee wa picha na binti yake, hata mafundi baiskeli watakuelekeza. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu najua wako wengi wenye picha kama yetu kabatini, na wanaogopa kuitoa.

Picha yetu ni ya mahafali ya kidato cha nne, 2003. Aliyemo ni mwenzetu tuliyemwita Kengele. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa sikoseli. Wenzake tukienda mchakamchaka alfajiri yeye alibaki, maana baridi na mbio vilimletea maumivu ya mifupa, na mwalimu wa zamu akaona asikae bure. Akampa kengele ya shule: ringi la gari lililoning'inizwa kwenye mwarobaini, na kipande cha nondo cha kugongea. Aliigonga kwa mpangilio wake, tatu za taratibu kisha mbili za haraka. Akilazwa hospitali shule nzima ilijua bila kuambiwa, kwa sababu aliyeshika nafasi yake aligonga ovyo.

Nilikaa naye dawati moja kidato cha tatu na cha nne. Chupa yake ya maji haikutakiwa kuisha, na vidonge vyake vya foliki alivifunga kwenye karatasi ya daftari. Logi za hesabu nimezijua kwa sababu yake, alinifundisha mpaka nikaacha kuziogopa. Alifariki 2005 akiwa na miaka 19, na picha ya mahafali ndiyo pekee aliyobaki nayo mama yake. Ilikaa ukutani kwenye fremu kwa miaka, unyevu wa pwani ukaingia, ikagandana na kioo. Rangi zikaharibika, ukungu ukala upande mmoja wa kichwa.

Wanadarasa tulipoanza kuchangishana kwa ajili ya hitima mwaka huu, tukakubaliana tumkuzie mama ile picha. Mmoja wetu akaipiga kwa simu, akaipitisha kwenye programu ya akili mnemba, akairusha kwenye kundi. Ikaja picha ya kijana mzuri, ngozi laini kama sahani ya kauri, mwanya umezibwa, macho meupe pe. Watu wakamwaga mioyo. Nilipompelekea mama simu akaangalia, akanyanyua miwani, akaangalia tena, akaniuliza, "Huyu mtoto wa nani?"

Tukajaribu duka moja Dar, silitaji. Hao walimvua shati la shule wakamvisha suti na tai, na nyuma yake wakaweka maporomoko ya maji. Najua wapo wanaopenda hivyo kwa wapendwa wao, na sina ugomvi nao. Lakini Kengele hakuwahi kuvaa suti.

Ndipo dada mmoja wa Muheza akanielekeza Ngamiani.

Mzee alipoipokea fremu, jambo la kwanza alilosema ni kwamba nisithubutu kuibandua. Picha za zamani zina tabaka laini juu, likipata unyevu linashikana na kioo, na ukivuta kwa nguvu uso unabaki kwenye kioo na karatasi unabaki nayo mkononi. Akafungua fremu kwa nyuma, akatoa kioo na picha vikiwa pamoja, akafuta kioo kwa nje, akaviweka kwenye skana vilevile. Kama una picha iliyogandana nyumbani, hilo pekee linatosha kuokoa kitu: iache kwenye kioo chake mpaka ipigiwe nakala.

Kazi ya kompyuta anaifanya binti. Nimeshona nguo miaka mingi, najua mtu anayeangalia kazi na mtu anayeiharakisha, na huyu anaangalia. Anaandika maswali kwenye daftari kabla hajagusa chochote. Shati lilikuwa jeupe kabisa au la rangi ya maziwa? Shada la karatasi shingoni lilikuwa na rangi gani? Akanieleza kwamba picha ya rangi imejengwa kwa matabaka ya rangi tofauti na hayafifii kwa kasi moja, kwa hiyo kinachoonekana sasa si ushahidi, lazima apatikane mtu aliyekuwepo.

Akafika kwenye kola. Akaikuza mpaka ikajaa kioo cha kompyuta, akanionyesha mstari mwembamba unaopita sambamba na ukingo. "Dada, huu ni mkwaruzo au ni mshono?" Nikasogea. Ulikuwa mshono. Kola ile iligeuzwa: ikichakaa upande wa juu unaifumua, unaigeuza, unaishona tena upande mzima ukiwa nje. Mama yake aliishona kwa mkono, na kwenye kona ya kulia sindano imepotoka kidogo, unaona nyuzi mbili zinapishana. Mimi nilikaa pembeni ya kola ile miaka miwili. Programu ya simu iliufuta ule mshono wote. Binti akauacha, akausafisha tu ukungu uliokuwa juu yake.

Macho ndiyo yaliyochukua muda. Yalionekana ya manjano, na hakutaka kukisia. Akaomba nimpigie mama, akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, samahani kwa kukurudisha nyuma. Macho ya kaka yalikuwa na umanjano, au ni picha imebadilika?"

Mama akanyamaza kidogo. "Yalikuwa nao. Akiumwa yanakolea, akiwa mzima yanapungua. Siku ile alikuwa mzima."

Mwenye selimundu chembe zake nyekundu za damu huvunjika mapema. Badala ya kuishi siku kama 120 huishi wiki chache tu, na mabaki yake ndiyo yanayotia macho manjano. Sisi darasani hatukujua hayo. Tulijua tu kwamba akija macho yamekolea, siku hiyo daftari lake tunambebea. Binti akachukua maneno ya mama akayafanyia kazi: akapunguza njano iliyoletwa na picha kuukuu, akaacha kiasi kidogo pembezoni mwa macho, hafifu, ya siku aliyokuwa mzima. Nimekwisha kulipia huduma nyingi maishani mwangu, na sijaona swali lililoulizwa kwa heshima namna ile.

Sikio la kushoto lilikuwa limeliwa kabisa. Alikataa kulibuni. Akaniuliza kama kuna picha nyingine yoyote, nikamtafutia ile ya darasa zima, ambayo kichwa chake ni kidogo mno lakini sikio linaonekana. Kutoka hapo akapata umbo. Ukisogea karibu sana utaona pale hapana ukali kama sehemu nyingine. Aliniambia mapema kwamba itakuwa hivyo, nami naona ni haki.

Wamechapa ukubwa wa A3, karatasi isiyong'aa, na wino ambao mzee anasema haukimbii rangi upesi. Kati ya picha na kioo wameweka karatasi nene iliyokatwa katikati, ili picha isiguse kioo na yaliyotokea yasitokee tena. Jumla na fremu nimelipa shilingi 60,000, nusu wakati wa kuagiza na nusu wakati wa kuchukua. Faili lenyewe wamenipa bila kuongeza bei, jambo ambalo studio nyingi hulifanyia biashara nyingine.

Sasa kasoro, nisije nikawapeleka watu kwa sifa tupu. Simu hawapokei. Ukituma ujumbe utajibiwa usiku, au kesho yake. Walisema wiki moja, ikawa karibu tatu, na sehemu tu ya ucheleweshaji ilikuwa umeme. Mteja wa mbali anaweza kuumia hapo, hasa mwenye tarehe ya shughuli. Risiti ni lazima uiombe. Na fremu ya mbao waliyoniwekea kwanza ilikuwa nyepesi, kona moja imeachia gundi. Mzee aliibadilisha bila maneno nilipomwonyesha, lakini ilipaswa kuonwa kabla haijanifikia. Kigoda cha kukaa ni kimoja, na mchana jua linakipiga chote, wazee waende asubuhi.

Hitima ilisomwa nyumbani, tukala pilau, kisha tukamkabidhi mama. Hakulia, kinyume na tulivyojiandaa. Alivaa miwani, akaanza na kola, akapitisha kidole juu ya kioo mpaka kwenye ile kona ya kulia. "Hapa taa ya chemli ilizimika," akasema. Nikajua nyuzi zile mbili zilipishana kwa nini. Halafu akaangalia macho kwa muda mrefu, akaita wajukuu mmoja mmoja, akawaambia huyu ndiye mjomba wenu. Wengi wao hawakuzaliwa alipofariki, na picha ya zamani walikuwa wakiipita tu ukutani kwa sababu haikuonekana kitu.

Alitaka itundikwe mkabala na dirisha. Tukamwomba iwe ukuta wa ndani, kwa sababu jua la moja kwa moja linaua picha yoyote, hata iwe na wino mzuri namna gani. Akakubali, ila akashusha kalenda ili ipate nafasi.

Kwa kazi ya mikono na moyo nawapa nyota tano. Kwa mawasiliano nawapa mbili, na natamani wabadilike, maana kazi yao inastahili kufika mbali. Kwa mtu wa Dar au Arusha ninashauri usitume picha kwa basi: peleka mwenyewe, au mpe ndugu aliye Tanga, na mpe na namba ya mtu aliyemjua marehemu kwa karibu, kwa sababu utapigiwa na utaulizwa. Beba picha yoyote nyingine uliyonayo, hata ya kundi, hata yenye sura ndogo. Negativu, ile filamu iliyosafishiwa picha, kama ipo usiiache nyumbani. Ijumaa mchana wanafunga, na kufungua tena ni baada ya alasiri. Kama una tarehe, wape mwezi mzima kabla yake.