6.5 Creedmoor au .308 Winchester?

Kati ya aina hizi mbili za risasi za bunduki, kwa mlenga shabaha wa Nairobi, mimi ningechukua 6.5 Creedmoor bila kusita. Risasi yake ya greni 140 (kama gramu 9) ni nyembamba na ndefu, hukata upepo vizuri, na kitako hakikupigi sana begani: ukishafyatua, jicho bado liko kwenye darubini, unaona imetua wapi. Ile .308, ya tangu 1952, ikifika mita 800 huwa imeshuka na kupeperushwa zaidi. Ila mtutu wake hudumu, na hilo si dogo kwa mfuko.

Kuwinda? Kenya ilipiga marufuku 1977, kwa hiyo swala unayemwazia yuko Tanzania. Kwa mita 200, zote zinamtosha. Nyati usimjaribu na yoyote.