Hawakugonga ukuta hata mara moja

Nilijizuia nisiandike nikiwa na hasira. Nikangoja masika yaishe, nikangoja na kaka arudi tuzungumze naye. Hasira haikuondoka, basi naandika nayo. Jina la kampuni silitaji. Lakini kama unatafuta watu wa kukukarabatia nyumba ya mawe hapa Unguja, hawa utawajua kwa jambo moja: ukuta wanaukagua kwa macho tu, mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika simu.

Nyumba ni ya mama, iko Malindi ya hapa Mji Mkongwe. Ni nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene kiasi kwamba sisi utotoni tulikuwa tunalala kwenye kina cha dirisha. Ukuta wa upande wa uchochoroni ulikuwa umeanza kubabuka. Rangi ilijikunja kama ganda la kitunguu, na chini, usawa wa goti, palikuwa na mstari wa unyevu ambao haukauki hata kaskazi ikiwa kali. Mama ndiye aliyeshikilia kwamba utengenezwe upesi. Tangu ile Ijumaa ya tarehe 25 Disemba 2020, ulipoanguka upande wa Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la kale la Forodhani, na watu wawili wakafa, hana amani na ukuta wowote. Jumba lile limesimama tangu 1883, tumelizoea kama tulivyoizoea bahari, na likaporomoka mchana kweupe. Kwa hiyo kaka yangu, yuko Muscat, akatuma pesa. Milioni nne na laki mbili. Nazitaja kwa sababu najua alivyozipata.

Msimamizi alikuja, akasimama uchochoroni, akatazama juu, akapiga picha tatu nne, akasema bei. Dakika kumi hazikufika. Mama alikuwa barazani anamsikiliza. Akamuuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, mbona hamgongi?" Yule bwana akacheka, akasema, "Bibi, haya mambo ya kitaalamu. Wewe nenda ndani ukapumzike, ukuta tuachie sisi."

Mama amezaliwa ndani ya nyumba ile. Akiwa mdogo alikuwa akichota maji ya kuzimulia chokaa, na babu yake ndiye aliyemfundisha kusikiliza ukuta. Alinyamaza, akaingia ndani kweli. Mimi niliyekuwepo sikusema kitu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa nieleze kugonga ni nini, maana vijana wengi waliorithi nyumba hizi hawajui. Unachukua mpini wa bisibisi au unatumia vifundo vya vidole, unaanzia chini, unapanda taratibu, shubiri kwa shubiri. Lipu iliyoshikana na jiwe inatoa sauti nzito, fupi, kama unagonga gogo bichi. Lipu iliyoachana na jiwe inalia tupu, kama mtungi usio na maji. Unachora kwa mkaa kila panapolia tupu. Ukimaliza, rudi nyuma utazame michoro yako. Ikiwa ni viraka vilivyotawanyika, unakata viraka hivyo tu na kuviziba. Asikudanganye mtu kwamba ukuta mzima ubanduliwe. Ikiwa viraka vimeungana na sehemu kubwa ya ukuta inalia tupu, lipu ya upande ule imekwisha, hata kama kwa macho bado inapendeza. Ya kwetu, mama alikwishaigonga peke yake kabla hawajaja, na alijua kuanzia chini mpaka usawa wa kifua hakuna kilichoshika.

Zipo dalili nyingine. Unga mweupe unaoufuta leo na wiki ijayo umerudi: hiyo ni chumvi, na maana yake maji yanapita ndani ya ukuta. Jua la asubuhi likipiga ubavuni mwa ukuta, tazama kwa kuegemea pembeni, utaona palipovimba. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui si za kutisha, lakini ufa unaoweza kuingiza sarafu, au ulioota mche wa mkuyu, huo unakunywa maji kila mvua. Na mahali vichwa vya boriti vinapoingia ukutani, choma kwa msumari. Msumari ukizama kama kwenye keki, acha habari ya rangi, umwite mwashi siku hiyohiyo, kwa sababu dari yako inaning'inia. Kinyume chake, rangi iliyopauka tu, inayoacha vumbi jeupe kiganjani, si ugonjwa. Hiyo chokaa imechakaa, unapaka nyingine.

Hawa watu hawakutazama hata moja kati ya hayo.

Niwe mkweli, kuna mazuri. Walifika asubuhi waliyosema watafika, jambo ambalo kwa mafundi si dogo. Jukwaa lao lilikuwa imara. Kila jioni walifagia uchochoro, wakamwomba radhi jirani kwa vumbi. Bei haikuongezeka katikati ya kazi. Walipomaliza, ukuta uling'aa, watu wakapita wanausifu, na mimi nilikuwa tayari kuwapa nyota nne. Nilimpelekea kaka picha, akafurahi sana.

Lakini walifanya nini hasa? Waliparura rangi iliyokuwa ikining'inia, wakaziba nyufa kwa saruji, wakapiga mkanda wa saruji kuanzia chini hadi kiunoni "kuzuia unyevu", halafu wakapaka rangi ya plastiki mikono miwili juu ya vyote. Lipu iliyokuwa ikilia tupu waliiacha palepale, wakaivalisha nguo mpya.

Masika yalipoingia, mstari wa unyevu ulitokea tena. Safari hii haukuwa kwenye goti. Ulikuwa juu ya ule mkanda wao wa saruji, usawa wa bega, na ndani ya chumba cha mama ukatokea mwingine mkabala wake, pale penye kitanda. Godoro likaanza kunuka uvundo. Kisha usiku mmoja wa mvua tukasikia kishindo uchochoroni. Kulipokucha tukakuta bamba la lipu kubwa kama mlango wa kabati limelala chini, rangi yake nzuri bado inang'aa. Pale ndipo watoto wa jirani wanapopita kwenda skuli.

Mama aliinama, akaokota kipande. Upande wa nje mkavu, laini. Upande wa ndani mbichi, umejaa chembe nyeupe zinazometa. Akapitisha kidole gumba, akakigusa kwenye ncha ya ulimi. "Chumvi," akasema. Akanipa na mimi nionje. Nilionja, na ilikuwa chumvi kama ya bahari. Hakusema neno jingine asubuhi ile, akaenda kuchukua ufagio.

Baadaye mwashi mzee tuliyempata alinieleza, na nikaelewa kwa nini hasira yangu ina haki. Matumbawe yanafyonza maji kutoka ardhini kama kitambaa, na maji yanapanda na chumvi. Hilo halizuiliki sana, na wazee hawakujaribu kulizuia. Waliupa ukuta chokaa, kitu laini kinachopumua, ili maji yatoke nje kidogo kidogo na upepo uyachukue. Ukiziba kwa saruji na rangi ya plastiki, maji hayaondoki. Yanatafuta njia juu zaidi, au ndani chumbani. Chumvi inaganda nyuma ya lipu, inavimba, inaisukuma mpaka inabanduka. Halafu saruji ni ngumu na ukuta wa chokaa ni laini; ukuta ukijinyoosha kidogo, saruji inapasuka, mvua inaingia kwenye ufa na haina pa kutokea. Vichwa vya boriti vinaoza gizani, wewe huku unatazama rangi. Kwa maneno mengine, kaka yangu alilipa milioni nne na laki mbili ili nyumba ya mama iharibiwe haraka zaidi kuliko ingeharibika ikiachwa. Kuacha tu kungekuwa nafuu! Hilo ndilo silisamehi.

Nikawapigia simu. Mara ya kwanza walipokea, wakasema watakuja. Hawakuja. Mara ya pili msimamizi akaniambia dhamana yao ni ya rangi, si ya ukuta, na rangi haijabanduka. Nikamwambia rangi iko chini uchochoroni pamoja na lipu yake. Akajibu, "Basi dada, rangi imeshika vizuri, tatizo ni nyumba yenu mbovu." Wallahi alisema hivyo, kwa sauti ya mtu anayekusaidia kuelewa. Nyumba mbovu, na yeye ndiye aliyesimama mbele yake akakubali kuitengeneza. Kama ni mbovu alipaswa kusema siku ile ya picha tatu nne, na angegonga angejua.

Lakini nikisema kampuni nzima haifai nitakuwa nimedhulumu. Alikuwepo kijana mmoja, msaidizi, kazi yake kubeba ndoo na kuchanganya saruji. Siku ya pili aliniita pembeni, akaninong'oneza, "Dada, hapa chini pangetolewa lipu yote, jiwe likauke kwanza. Saruji haitakaa hapa." Nikampelekea msimamizi maneno hayo bila kutaja yametoka kwa nani. Akajua. Akamfokea yule kijana mbele yetu sote, akamwambia aliletwa kubeba ndoo, hakuletwa kufikiri. Kijana akainamisha kichwa akaendelea kukoroga. Kwa hiyo ujuzi walikuwa nao ndani ya kampuni yao, unalipwa mshahara mdogo kuliko wote, na wakauziba mdomo. Nilipofikiria hivyo ndipo nikaona hili si kosa la kutojua. Laiti wasingejua, ningewaelewa.

Kwa sasa ukuta uko uchi. Mwashi mzee alibandua lipu yote ya upande ule, mkanda wa saruji wakautoa kwa patasi na jasho, na mawe kadhaa yalimeguka nao. Boriti mbili zilikuwa zimeanza kuoza, zimebadilishwa. Chokaa imezimuliwa, iko shimoni uani imefunikwa, inaiva. Amekataa kupiga lipu mpaka ukuta ukauke, na akaonya kwamba itapigwa kwa mikono myembamba, kila mkono ufunikwe na magunia yaliyoloweshwa ili jua lisiikaushe kabla haijashika. Nilipomuuliza itachukua muda gani akanitazama akasema, "Mpaka uwe tayari." Majirani wanauliza kwa nini tumeiacha nyumba hivi, inatia aibu. Mama anawajibu kwamba ukuta unapumua. Kila asubuhi anapita pale na ufunguo wa mlango mkubwa, anagonga mawe, anasikiliza.

Sasa kuhusu hukumu yangu. Kwa nyumba mpya ya matofali, rangi ya ndani, watu hawa pengine ni wazuri tu. Ni wasafi, wanashika saa, bei yao inaeleweka. Nilikuwa nimeshaandika hapa kwamba kwa kazi ya namna hiyo ningewaita tena. Nimelifuta. Mtu anayemwambia mama mwenye nyumba yake akapumzike ndani, kisha akamfokea fundi wake kwa kusema kweli, hata chumba cha stoo simpi. Mimi sihitaji radhi yake. Aje ampe mama, pale pale barazani alipomcheka. Mpaka siku hiyo ninawapa nyota moja, na hiyo moja ni ya yule kijana wa ndoo.