Mita ya bei nafuu na taa ya kupimia: uzoefu wangu kwenye taa za Hilux ya zamani

Vifaa ninavyovieleza hapa nilivinunua katika duka la vipuri hapa Tanga ili nishughulikie taa za Toyota Hilux yangu, ambayo ni ya miaka ya mwanzo ya 1990. Cha kwanza ni mita ndogo ya kupimia umeme, ya namba na ya rangi ya njano, ile inayouzwa kwa majina mengi huku umbo likiwa lilelile, na cha pili ni taa ya kupimia yenye ncha kali, kibanio cha ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi) na balbu ya wati 5 ndani ya mpini. Mita ilinigharimu shilingi 25,000 na taa shilingi 8,000, na havikunitia hasara. Hata hivyo, mita hii humfaa mtu anayepima saketi ikiwa kazini, taa zikiwa zimewashwa. Anayechomoa soketi na kupima kama umeme umefika au haukufika, kama wafanyavyo mafundi wengi, ataambiwa kwamba kila kitu ni kizima.

Sababu ni kwamba mita huvuta mkondo mdogo mno. Waya ukikatika nyuzi zake zote isipokuwa uzi mmoja, au kichwa chake kikiwa kimeliwa na kutu ya kijani, mita bado itasoma volti 12 kamili, kwa kuwa uzi huo mmoja unatosha kabisa kwa mahitaji yake. Balbu ya breki ya wati 21 inahitaji karibu ampea 1.8, na taa kubwa ya wati 55 inahitaji zaidi ya ampea 4.5, mkondo huo unapojaribu kupita kwenye uzi ule, volti huanguka na taa haiwaki. Kwa upande huu taa ya kupimia ni mkweli zaidi kuliko mita, kwa kuwa yenyewe huvuta karibu ampea 0.4, na mahali palipoliwa na kutu huifanya iwake kwa unyonge. Isichokuambia ni kiasi gani cha umeme kimepotea, na hapo ndipo mita inapoingia.

Hitilafu ya kwanza ilikuwa nyuma, upande wa kushoto: nikikanyaga breki, taa ya breki iliwaka hafifu, na indiketa ya upande huohuo nayo ikawa na mwanga mdogo ingawa hakuna aliyeigusa. Dalili hiyo karibu kila mara inatokana na ethi mbovu. Umeme ukishapita kwenye balbu ya breki na kukosa njia ya kurudi kwenye bodi, hutafuta njia nyingine kupitia nyuzi za balbu jirani zinazotumia ethi ileile, ukizipita kinyumenyume. Niliweka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri na ncha nyekundu kwenye ethi ya holda ya taa, kisha nikamwomba kijana wangu akanyage breki. Mita ikasoma volti 3.8, mahali ambapo ethi nzima haipaswi kuzidi volti 0.2. Kwa kuwa waya za mita ni fupi, niliunganisha waya mwembamba mrefu kutoka betri hadi nyuma. Urefu na wembamba wake haviharibu kipimo, maana mkondo unaopita humo ni kidogo sana. Nilifungua boliti ya ethi, nikapiga msasa hadi chuma kikang'aa, nikafunga tena na kupaka grisi juu, kipimo kikashuka hadi volti 0.05. Kwa gari linalolala karibu na bahari, boliti za ethi ni za kuanza nazo kabla ya kununua balbu yoyote.

Hitilafu ya pili ilikuwa mwanga mdogo wa taa kubwa za mbele. Taa hizo ndizo zilizonionyesha thamani ya mita, na ndizo zinazowachanganya mafundi wengi. Katika Hilux na Land Cruiser nyingi za miaka ya 1980 na 1990, swichi ya fuli na dimu haikati chanya bali hukata hasi. Chanya hufika kwenye balbu kupitia fyuzi na kukaa kwenye terminali ya pamoja, kisha kila uzi wa balbu hurudi kwenye swichi kutafuta ethi. Fundi aliyezoea magari yenye mpangilio mwingine akigusa terminali aliyodhani ni ya ethi, anakuta volti 12, anaamua kuna shoti na kuanza kukata waya. Gari langu lilishapitia mikono ya namna hiyo, na vipande vya waya vilivyofungwa kwa selotepu nyuma ya dashibodi ni ushahidi.

Kwa hiyo nilipima pande zote mbili, injini ikiwa inaunguruma na dimu zikiwa zimewashwa. Betri ilikuwa na volti 13.9, lakini kati ya terminali mbili za balbu, soketi ikiwa bado imechomekwa, zilifika volti 11.6 tu. Volti 0.9 zilipotea upande wa chanya, na volti 1.4 zilipotea njia ya kurudi, ambako mkondo wa taa zote mbili, unaofikia ampea 9, hupita kwenye swichi iliyochakaa kwa miaka zaidi ya 30. Upungufu huo si mdogo kama unavyoonekana kwenye namba: volti za balbu ya uzi zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa asilimia 30 hivi, na kwa vipimo vyangu nilikuwa nikiendesha usiku kwa karibu nusu ya mwanga niliostahili. Niliweka rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa kwa mkondo mdogo, karibu na betri, swichi ikabaki na kazi ndogo ya kuziamsha kwa upande wa ethi, na kwenye balbu zikafika volti 13.4. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshauriwa na watu kadhaa kununua balbu za wati 100, ambazo zingeongeza tu joto kwenye swichi ileile.

Hitilafu ya tatu, fyuzi ya taa za parking kuungua kila mara, haikuhitaji mita wala taa ya kupimia. Nilitoa balbu zote za parking, za namba na za dashibodi, kisha nikaweka balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi. Shoti ikiwepo balbu hiyo huwaka, na haiwezi kupitisha zaidi ya ampea 1.8, hivyo waya haziungui wakati unatafuta. Nilitikisa waya kidogo kidogo kando ya chesisi hadi balbu ikazimika, karibu na mahali ambapo mtu aliwahi kufunga soketi ya trela na kuuacha waya ukisuguana na chuma. Ningependa kila gereji iwe na balbu kama hiyo badala ya kufunga fyuzi kwa waya wa shaba.

Nina malalamiko juu ya mita. Waya zake za kupimia ni dhaifu, na moja ilikatikia ndani karibu na mpini, jambo linaloleta namba za kurukaruka ambazo mtu anaweza kudhani ni za gari. Tundu la ampea 10 halina fyuzi, na imeandikwa hivyo usoni pake, kwa hiyo sipimi mkondo wa taa kubwa kupitia humo. Kioo hakina mwanga, na kazi nyingi za taa hufanyika jioni. Taa ya kupimia haina kasoro kubwa, ila isitumiwe kwenye waya za kompyuta ya injini wala za mifuko ya hewa. Kwenye Hilux yangu havipo, lakini katika magari ya miaka ya karibuni vipo, na ampea 0.4 zinaweza kuleta madhara. Waya za kupimia nilizonunua badala ya zile za mwanzo, zenye vibanio, ziliniongezea gharama ya shilingi 10,000.